Shindano la visa vya biashara: ushauri kwa wanaoliandaa na wanaoshiriki

Kwa miaka kadhaa nimeshiriki mashindano ya visa vya biashara ya wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Dar es Salaam nikiwa katika nafasi tatu tofauti: kwanza mshindani, baadaye mlezi wa timu, na sasa mwandishi wa kisa na mratibu wa siku yenyewe. Wanafunzi huniuliza namna ya kushinda, na wahadhiri vijana huniuliza namna ya kuandaa. Kwangu maswali hayo mawili yana jibu moja, kwa sababu timu inayoelewa jinsi shindano linavyoendeshwa, nani ameketi nyuma ya meza ya majaji na ameshika karatasi gani, huutumia muda wake vizuri kuliko timu yenye uwezo mkubwa isiyoyajua hayo.

Kisa cha biashara, ambacho vyuoni wengi hukiita kesi, ni maelezo ya kurasa kadhaa kuhusu kampuni iliyofika njia panda, pamoja na viambatisho vya hesabu, na mwisho wake kuna uamuzi ambao bado haujafanywa. Njia hii ya kufundishia ilikuzwa katika shule ya biashara ya Harvard huko Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1908, na kisa chake cha kwanza kuandikwa, kilichohusu kampuni ya viatu, kilitoka mwaka 1921. Shindano huongeza mambo mawili ambayo darasani hayana ukali ule, yaani saa na hukumu. Katika shindano la wanafunzi wa uzamili linaloandaliwa na shule ya biashara ya John Molson ya Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, timu ya watu wanne hupewa kisa na muda wa saa tatu tu za kujiandaa, kisha huingia mbele ya majaji. Hult Prize, ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wameisikia kwa sababu ya zawadi yake ya dola milioni 1, ni jambo jingine kabisa: kule timu huleta wazo la biashara yake yenyewe na kulijenga kwa miezi mingi. Nawasihi wanafunzi wasiyachanganye haya mawili, kwa kuwa aliyezoea kulipigia debe wazo lake hupata taabu anapotakiwa kupima uamuzi wa kampuni ya mtu mwingine, hasa pale jibu sahihi linapokuwa kuiambia kampuni isifanye inachotamani.

Kwa mwandalizi, kazi kubwa kuliko zote ni kuandika kisa, nayo ndiyo hupewa muda mdogo kuliko zote. Nimeona kamati ikitumia wiki sita kutafuta wadhamini na fulana, halafu kisa kikaandikwa kwa siku mbili kutokana na taarifa za magazetini. Kisa cha namna hiyo hakina uamuzi ndani yake. Kina historia ya kampuni tu, na timu zote huishia kutoa mapendekezo yaleyale ya kujitangaza mitandaoni na kufungua matawi mapya.

Nitatoa mfano wa kisa nilichokiandika mwenyewe, kuhusu kiwanda cha kusindika maziwa ambacho nilikibuni, ingawa hesabu zake nilizijenga baada ya kuzungumza na watu wa biashara hiyo. Mkurugenzi anataka kukopa fedha za kununua mtambo wa kutengeneza maziwa yanayokaa miezi bila jokofu. Kiwanda hununua lita moja kwa shilingi 1,000, hutumia shilingi 500 kuisindika, kuifungasha na kuisafirisha, na huiuza kwa shilingi 1,800, kwa hiyo kila lita huacha shilingi 300 za kulipia gharama zisizobadilika, ambazo ni shilingi milioni 90 kwa mwezi. Mwanafunzi akigawanya, ataona kwamba kiwanda kinahitaji lita 300,000 kwa mwezi, sawa na lita 10,000 kwa siku, ili kisipate hasara. Kiambatisho cha mwisho, ambacho wengi hawakukisoma, kilionyesha kwamba kiwanda hupokea lita 7,000 kwa siku wakati wa masika na lita 4,500 wakati wa kiangazi. Mtambo mpya ungeongeza gharama zisizobadilika bila kuongeza hata lita moja ya maziwa mlangoni. Timu tano kati ya nane zilipendekeza mkopo huo na kampeni kubwa ya matangazo. Timu iliyoshinda ilisema mkopo usubiri, fedha kidogo ziende kwenye matangi ya kupoozea maziwa katika vituo vya kukusanyia, na wafugaji walipwe kwa simu kila baada ya wiki mbili ili wasiwauzie wachuuzi. Ilitoa hesabu ya kila hatua, na ikataja ni kwa kiwango gani cha lita kwa siku ingekubali kulifikiria tena suala la mtambo.

Kisa kizuri, kwa hiyo, kina njia angalau mbili ambazo mtu mwenye akili timamu anaweza kuzitetea, kina takwimu zinazotosha kupima kila njia, na kina taarifa kadhaa zisizohitajika, kwa sababu meneja wa kweli hapewi karatasi iliyochujwa. Kabla ya siku ya shindano, mpe kisa mtu asiye mjumbe wa kamati ili akijibu kwa muda uleule utakaozipa timu. Mara zote nilizofanya hivyo, msomaji huyo alikuta kosa la hesabu au jedwali lisilolingana na maelezo, na kosa moja la namna hiyo likifika ukumbini huzua malalamiko ambayo hakuna jaji anayeweza kuyamaliza kwa haki.

Usiri unahitaji ukali. Mwaka mmoja, katika shindano ambalo sikuwa mratibu wake, ilibainika kwamba timu moja ilikuwa imeona kisa usiku uliotangulia, na hadi leo wapo waliokuwa washindani siku ile ambao hawataki kusikia habari za mashindano haya. Tangu hapo nakala zangu huchapishwa asubuhi ya shindano, hufungwa kwenye bahasha, na wanaojua kampuni inayohusika hawazidi watatu. Mlezi wa timu hapaswi kuwa miongoni mwao, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani.

Siku yenyewe, timu zote hupewa bahasha katika dakika ileile, kila moja katika chumba chake chenye msimamizi, na simu hukusanywa. Katika shindano la saa tatu mimi huzuia intaneti kabisa, na tangu programu za akili mnemba zienee msimamo wangu umezidi kuwa mgumu, kwa sababu ninachotaka kupima ni namna watu wanne wanavyofikiri pamoja. Katika shindano la saa 24 au 48 kuzuia hakuwezekani, na ni afadhali kuruhusu waziwazi na kudai kila takwimu ya nje itajwe ilikotoka. Muda ukiisha, timu zote hukabidhi slaidi zao kwa wakati mmoja, na zinachowasilisha ndicho hicho kilichokabidhiwa, la sivyo timu ya sita huwa na saa mbili zaidi za kurekebisha kuliko timu ya kwanza. Zamu hupangwa kwa kura, na timu ambayo haijawasilisha haingii ukumbini kusikiliza wengine. Ratiba ya maji, chai na choo nitaiacha. Kila chuo kinajua mazingira yake. Umeme, hata hivyo, siuachi. Jaribu jenereta ikiwa imebeba projekta, vipaza sauti na feni kwa pamoja, na andika kwenye kanuni kwamba umeme ukikatika saa ya mwasilishaji inasimama. Tulikatikiwa umeme dakika ya 11 ya timu moja bila kuwa na kanuni hiyo, na mjadala uliofuata ulichukua muda mrefu kuliko wasilisho lenyewe.

Sasa nizungumze na mshindani kuhusu zile saa tatu. Katika shindano langu la kwanza tuligawana kazi mara tu bahasha ilipofunguliwa: mmoja hesabu, mmoja masoko, wawili slaidi. Ilipobaki nusu saa tukagundua kwamba mwenye hesabu alikuwa amefikia kuikataa ile biashara mpya, wakati slaidi zilikuwa zimekwisha kuisifu. Tuliingia ukumbini na majibu mawili, na jaji wa kwanza aliliona hilo kabla hatujafika katikati. Tangu wakati huo nazielekeza timu ninazozilea zisome kimya kwa nusu saa bila kugawana chochote, kisha kila mmoja aandike kwa sentensi moja uamuzi unaotakiwa na upande anaouegemea, na slaidi zisifunguliwe mpaka wote wanne wamekubaliana. Wasilisho lenyewe lianze na pendekezo, kwa sababu majaji wamekwisha kukisoma kisa na hawahitaji kusimuliwa habari za kampuni kwa dakika tano.

Kuhusu alama, hapa ndipo waandalizi wengi hukosea bila nia mbaya. Wao hujumlisha alama za majaji watatu na kumtangaza mwenye jumla kubwa, jambo linaloonekana la haki mpaka ukumbuke kwamba jaji mmoja hutoa alama kati ya 70 na 80 na mwingine kati ya 40 na 95. Chukua timu mbili: majaji wawili wameiweka ya kwanza mbele kwa alama 3 kila mmoja, na jaji wa tatu ameiweka ya pili mbele kwa alama 20. Kwa jumla, timu ya pili inashinda kwa alama 14, ingawa majaji wawili kati ya watatu waliiona dhaifu. Mimi hugeuza alama za kila jaji kuwa nafasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha hujumlisha nafasi hizo, na alama zenyewe hutumika tu pale timu zinapolingana. Vilevile, mashindano yakiwa na vyumba viwili vyenye majopo tofauti, mshindi wa kila chumba aende fainali. Kulinganisha alama za jopo kali na za jopo laini ni kuziadhibu timu kwa bahati ya kura.

Majaji wapewe kisa siku mbili kabla, tena waketi na mwandishi kwa nusu saa kuelezana kila kigezo kinamaanisha nini. Waombe waandike alama za timu ya kwanza kwa penseli na kuzirudia baada ya timu ya tatu, kwa maana timu ya kwanza daima huhukumiwa na watu ambao bado hawajajua kiwango cha siku hiyo. Jaji aliyefundisha mshindani au mwenye ndugu katika timu asitoe alama kwa timu hiyo.

Dakika kumi za maswali huamua mengi. Swali likigusa jambo ambalo hamkulihesabu, semeni hamkulihesabu, kisha elezeni mngetumia takwimu zipi kulipata; nimewaona majaji wakiongeza alama kwa jibu hilo, na sijaona wakiongeza kwa namba iliyobuniwa papo hapo. Mwenye eneo lake ajibu, wengine wanyamaze.

Matokeo yakishatangazwa, kila timu ipewe karatasi zake za alama zenye maoni ya majaji jioni ileile, hata iliyotolewa raundi ya kwanza. Kwetu hili linahitaji mtu mmoja mwenye mashine ya kunakili na orodha ya timu, na yeye ndiye wa mwisho kuondoka ukumbini.