Usinunue nyingine bado, kagua diski kwanza

Ndugu, umesema laptopu yako ya mtumba inachukua dakika 5 kuwaka, na fundi anakwambia ununue nyingine. Subiri kwanza. Kama inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, utazame safu ya diski (Disk). Ikiwa imekaa kwenye asilimia 100 na wewe hujafungua kitu, basi shida huenda iko hapo. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA hufika 500 hivi. Diski yangu niliitoa nikaweka SSD kwa bisibisi ndogo tu, na tofauti niliiona siku ileile.

Ukitaka kubadilisha na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hiyo ndiyo ya kuwa nayo makini. Niliwahi kununua RAM ya kizazi cha DDR4 kwa mashine ya kizazi cha nyuma, DDR3. Nikaisukuma, ikagoma; kumbe lile pengo kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu haliko mahali pamoja. Muuzaji akakataa kuipokea kwa kuwa pakiti ilishafunguliwa. Iliniuma sana. Toa ya zamani, piga picha kibandiko chake, ndipo uende dukani. Na kabla hujalegeza skrubu hata moja, nakili mafaili yako yote pembeni.