Hela ya bibi yako

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ni kweli neno "hela" tuliachiwa na Wajerumani, kwa kuwa bosi wako amelifuta kwenye tangazo lenu la mikopo ya kina mama, akaweka "fedha". Anasema hela ni neno la mtaani, tena la mkoloni.

La Mjerumani ni kweli. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Hall, mji wa chumvi kusini mwa Ujerumani, tangu karne ya 12. Jina la mji likawa jina la sarafu, likasambaa. Wacheki wanaiita haléř, na walikuwa nayo mpaka mwaka 2008. Huku kwetu watu walikuwa wakihesabu kwa rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 Mjerumani akabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Waswahili wakalikata mkia, likawa hela. Unaikumbuka ile ya bibi yako yenye tobo katikati, aliyoifunga pamoja na funguo za kabati? Imeandikwa HELLER upande mmoja, na upande wa pili ina taji. Herufi zimelika kwa kushikwashikwa, lakini ukiigeuza kwenye mwanga unazisoma.

Sasa huyo bosi wako. Hiyo fedha aliyoiweka ni Kiarabu, fidha, yale madini yenyewe. Pesa ni paisa ya Wahindi, na Oman mpaka leo wana baisa. Shilingi ni ya Mwingereza. Hata dola tunazozisikia benki, jina lake linatokana na thaler, sarafu ya bonde la Joachimsthal, ambalo leo liko Ucheki. Akianza kumfukuza kila mgeni, tangazo litabaki jeupe. Mimi siku zote nawaambia, neno ni la anayelitumia.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alitupa insha, "Siku ya soko". Nikaandika nilivyomfuata bibi yako Mwika, mkungu kichwani kwake na mimi nimebeba kibuyu cha maziwa. Unajua kwetu kahawa ilikuwa ya babu yako, malipo ya chama cha ushirika yaliingia mfukoni mwake, na hakuna aliyeuliza. Ndizi na maziwa vilikuwa vya bibi yako. Jioni alikaa chini ya mti, akafungua fundo la kanga, akahesabu taratibu, akaniambia, "Hii ni hela yangu. Hii ndiyo daftari lako." Nikaandika hivyohivyo, maneno yake. Nilijua nimeandika vizuri, nikawa nasubiri nisomewe mbele ya darasa.

Nilisomewa kweli, lakini kama mfano wa lugha mbovu. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu kwenye kila "hela", akaandika "fedha" juu yake, hata pale bibi yako alipokuwa anaongea mwenyewe. Akauliza darasa, "Mama huyu alisoma wapi?" Wenzangu wakacheka. Bibi yako hakusoma, na mwalimu alijua. Sikumpelekea daftari aone. Nilimwambia insha haijasahihishwa.

Nimejaribu miaka yote kumtetea yule mwalimu. Tulikuwa tumepata uhuru juzi tu, walimu walitaka tuwe na Kiswahili kinachosimama popote, na insha si gumzo la sokoni. Hilo nalikubali. Tena hela haikuja kwetu kwa heri. Kodi ya kibanda ilianza 1898, rupia tatu, na asiyekuwa nazo alikwenda kuzitafuta kwa kibarua kwenye mashamba ya walowezi. Babu wa babu yako aliijua hela kwa kudaiwa. Kwa hiyo anayelichukia neno hili kwa sababu hiyo simshangai.

Lakini bibi yako hakudaiwa siku ile Mwika, alikuwa analipwa. Mkono uliohesabu ulikuwa wake, na neno alilotumia lilikuwa lake. Mjerumani alikwishaondoka, rupia imekufa, shilingi ya Mwingereza nayo ikapisha ya kwetu mwaka 1966, na hela bado ipo, kwenye kamusi na kwenye daladala ya Kiborloni. Ndiyo maana nasema neno ni la anayelitumia. Kama kulilipia, sisi tulishalilipia.

Kuhusu bosi wako, hukuniuliza nani ana haki, na kazi ni yako, basi sisemi. Nimeshaandika sentensi mbili hapa nikazikata. Barua ya mkataba naielewa ikisema fedha, hapo pana sheria. Tangazo ni kitu kingine, linasomwa na mwanamke aliyesimama sokoni Mbuyuni na beseni la nyanya, na ninajua yeye anasema nini akifungua fundo lake. Lakini sisemi.

Nitumie maandishi yote mawili, lako na lake. Jumamosi tuna kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa mama Upendo, nitawasomea bila kuwaambia lipi la nani, halafu nikupigie.

Mama yako