Masharti ya tovuti: mteja aliyaona, au uliyaficha?

Mkuu uliyeko Masasi, umeuliza kama masharti ya matumizi kwenye tovuti yana nguvu kisheria au ni mapambo tu. Ya kwangu yalikuwa mapambo, na niliyalipia.

Nauza korosho zilizobanguliwa, niko Shangani hapa Mtwara mjini. Mteja wa Dar aliagiza kilo 40 kupitia tovuti. Mzigo ukapanda basi, ukafika, akaukataa na kudai pesa yake yote. Nikamwonyesha sharti: ukighairi mzigo ukiwa umeondoka, nauli ni yako. Akaniuliza, "Hilo umeliandika wapi?" Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, maandishi ya kijivu madogo kama chawa. Tena yote niliyanakili kwenye tovuti ya Uingereza, yakasema migogoro itaamuliwa na mahakama za huko. Kesi ya korosho za Mtwara, London! Wakili alicheka kwanza, ndipo akaniambia nirudishe pesa. Nikarudisha.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka ridhaa huru, na mtu haridhii asichokijua. Kwamba mmekubaliana mtandaoni si tatizo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua mkataba huo. Marekani nako, kesi ya 2002 ya Netscape, kampuni ya programu za kompyuta, mahakama ya rufaa iliyakataa masharti yaliyokaa chini ya kitufe cha kupakua programu, mahali ambapo mtu hafiki asiposhuka na ukurasa. Haizifungi mahakama zetu, ila nilijiona humo.

Sasa kabla ya kitufe cha kulipa kuna kisanduku kitupu, mteja anatia tiki mwenyewe kwamba amesoma na kukubali. Habari ya nauli nimeipandisha, iko pembeni ya bei, kwa Kiswahili. Seva inatunza namba ya oda, tarehe, saa na toleo la masharti la siku hiyo. Hilo la toleo wengi hulisahau. Na ule mstari wa "tunaweza kubadili masharti wakati wowote", ufute. Mwaka 2012 mstari huo uliliponza Zappos, duka la viatu la mtandaoni, mahakamani hukohuko Marekani.

Tangu hapo wameghairi wawili. Wa kwanza nilimtumia rekodi ya tiki yake, akalipa nauli kimya kimya. Wa pili kumbe ana miaka 16. Huyo nilimwachia, maana mkataba na aliye chini ya miaka 18 ningeupeleka wapi?