Kabla Hujafungua Kichupa cha Mafuta

Juzi nilifuatana na mwanagenzi mmoja wa uuguzi kwenye ziara za nyumbani kwa wagonjwa wetu wa saratani, Langoni, hapa Lamu. Mofini, dawa ya maumivu makali, imeshanywewa, choo kimeulizwa, kidonda kimefungwa, nikamwambia haya, mkande mama mikono. Kijana akakunja mikono ya sare na kuingia kazini kama anayewahi chapati za futari. Mama wa watu akauma meno kwa adabu. Nilitaka kucheka, nikakumbuka yangu.

1. Lugha yetu imetuponza: unga hukandwa na mtu hukandwa. Mgonjwa wetu mpapase tu. Uzito wa kiganja chako unatosha, polepole, dakika tano kila mkono. Saratani ikishafika mifupani, kubonyeza kwaweza kuvunja mfupa.

2. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, usiuchue. Huenda ni damu iliyoganda. Piga simu kwanza. Uvimbe wenyewe wa saratani, kidonda na ngozi iliyopigwa mionzi, pitia mbali.

3. Harufu. Hapa kaeni kitako.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili, najiona fundi. Nimetoka semina Mombasa, tumefundishwa kutia matone ya lavenda kwenye mafuta. Lavenda Lamu nitaitoa wapi? Nikasema, nasi tuna vyetu. Nyanya yangu alikuwa akituchua vifua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu maiti, na mafua yakitulia. Nikayapasha, nikayatia kichupani, nikapanda ngazi za nyumba moja Mkomani, kwa bibi mwenye saratani ya titi iliyokwisha kufika mapafuni. Pumzi zake fupi. Nikajiambia, haya yatamfungua kifua.

Mwazijua nyumba za mawe: chumba kirefu, chembamba, harufu ikiingia haina pa kwenda. Bibi alikuwa amefumba macho. Nilipomshika kiganja akayafumbua, akauvuta mkono na kuutia chini ya shuka.

"Mwanangu, ndiyo mumeshaanza kuniosha?"

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa, mimi niliyeshiriki kumwosha nyanya huyohuyo, nikaiona karafuu maiti ikitiwa kwenye maji ya mwisho. Jina lenyewe limebeba maiti! Binti yake aliyekuwa mlangoni alifahamu kabla yangu, akaenda kufungua dirisha kwa kishindo. Mimi nikaanza kueleza habari za kifua na semina. Nilieleza sana. Bibi akaningoja nimalize, kisha akasema taratibu, "Basi ningojeeni kidogo."

Nilishuka ngazi nikilia, nikakutana na punda wa mchanga katika kichochoro, nikambana ukutani mwenyewe kwa kutoona njia. Kesho yake nikasingizia kichwa. Mkuu wangu wa zamu akanirudisha palepale. Nilikwenda mikono mitupu, nikauliza nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: bibi, wapenda harufu gani? Asumini, akasema, ila iwekwe kwenye mto, si mwilini. Udi hataki, wamkaba. Siku ya tatu akanipa mkono nimpake mafuta ya nazi matupu. Wa kushoto tu. Wa kulia hakunipa mpaka alipokwenda zake.

4. Kwa hiyo uliza kabla ya kugusa, kila siku, hata kama jana alikubali.

5. Mofini kwa saa yake, maumivu yasisubiriwe yarudi. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's, nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona, London, mwaka 1967, alilisimamia hilo, nanyi bado mwaniambia "alikuwa amelala vizuri, nikamwacha". Mpapaso ni nyongeza. Haushiki nafasi ya chupa ile ya mofini.

6. Mgonjwa mwanamume akiona haya kuguswa na nesi wa kike, usimlazimishe, mfundishe mwanawe. Kuna kijana mvuvi aliniambia mikono yake imekuwa msasa kwa mshipi, itamkwaruza mzee. Nikampa mafuta ajipake yeye kwanza. Akamshika baba yake nyayo, naye mzee akamwuliza bei ya kole imefika ngapi. Wakaendelea hivyo, bei na nyayo, nami nikakusanya vitu vyangu nikaondoka bila kuaga.

7. Kucha fupi, pete mfukoni. Na kichupa kikazwe kifuniko: faili tatu zimenyonya mafuta ndani ya mkoba wiki hii, na aliyefanya hivyo anajijua.