Tumuoneshe shetani mwanzoni?

Swali: Assalamu alaykum, Mhariri. Sisi vijana wa Wete, Pemba, tunatunga filamu fupi ya kutisha. Je, shetani aonekane mwanzoni?

Jibu: Waalaykumu salaam, wanangu. Asionekane. Katika Jaws, filamu ya mwaka 1975 kuhusu papa anayeshambulia watu, iliyoongozwa na Steven Spielberg, msichana anaogelea usiku, na mtazamaji, ambaye bado hajamwona papa, anaona tu mwili ukivutwa chini ghafla, ukiburutwa huku na kule, kisha bahari inatulia kimya. Kwangu mimi, utulivu huo ndio unaotisha zaidi. Giza, upweke na mhanga wa mapema, ambazo ni desturi za filamu hizi, zote zimo. Nanyi anzeni na mlango wa uani ukifunguka taratibu, kandili ikififia, na sauti ikimwita mtoto aliyekwisha kulala.