Kupaka na kuondoa rangi za klauni usoni

Dada, umeuliza namna ya kupaka rangi za klauni kwa sherehe ya mtoto hapo Kisumu, na namna ya kuziondoa bila kuumiza ngozi. Tafadhali usitumie rangi za kuchorea za shuleni, hata zikiandikwa kwamba hazina sumu, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Nunua rangi ya uso yenye mafuta, uijaribu kidogo upande wa ndani wa mkono siku moja kabla.

Osha uso, ukaushe, ujipake losheni nyepesi. Watoto wadogo huogopa uso uliofunikwa wote, kwa hivyo naona nyeupe kuzunguka macho na mdomo inatosha. Ipake tabaka jembamba, ukiigongagonga kwa ncha za vidole badala ya kuisugua, hadi michirizi ipotee. Wengi wanaoanza huruka poda, na kwa joto la Kisumu rangi huchuruzika kabla keki haijakatwa. Funga macho, zuia pumzi, pigapiga poda kwa kitambaa laini, kisha upanguse iliyozidi kwa brashi. Nyekundu hufuata, nyeusi huja mwisho, zote zikitiwa poda.

Wakati wa kuondoa, usianze na sabuni. Jipake mafuta ya nazi, uyazungushe polepole mpaka rangi ilegee, uifute kwa tishu, ndipo unawe kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu. Kwenye kope tumia pamba, ukifuta kuelekea chini bila kuvuta ngozi.