Maswali ya Wasomaji: Makapi na Vibano vya Demani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo mashua ndogo ya tanga moja, yenye urefu wa mita 4 na tanga la mita 7 za mraba. Demani yangu, ile kamba ya kukazia na kulegezea tanga, imefungwa tezini, yaani nyuma ya mashua, inapanda hadi kwenye kapi lililo katika ncha ya mti wa chini wa tanga, inashuka tena tezini kwenye kapi la pili, kisha inakuja mkononi. Upepo ukizidi, vidole vinakufa ganzi kabla sijamaliza hata saa moja. Fundi mmoja amenishauri niihamishe demani katikati ya mashua, ninunue makapi makubwa zaidi na nifunge kibano cha kuishika kamba ili nipumzike. Je, ninunue makapi ya aina gani, na kibano kipi kinafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha mfukoni ni vizuri tuupige hesabu ushauri wa fundi wako, kwa sababu sehemu yake moja haitakupunguzia uzito hata kidogo. Tuseme mti wako wa chini una urefu wa mita 2.5, na nguvu ya upepo katika tanga inaulemea mti huo mahali palipo mita 1 kutoka mlingotini. Tuseme pia kwamba nguvu hiyo ni sawa na uzito wa kilo 40. Demani iliyofungwa kwenye ncha, mita 2.5 kutoka mlingotini, itabeba kilo 16, na kwa kuwa kamba yako inakwenda mara mbili kati ya tezi na mti, mkono wako utabeba 8. Ukiihamisha hadi katikati ya mti, mita 1.25 kutoka mlingotini, demani italazimika kubeba kilo 32, kwa kanuni ileile inayofanya mlango uwe mzito ukiusukuma karibu na bawaba. Ili mkono ubaki na kilo 8, kamba sasa itapaswa kwenda mara nne. Hapo hujaongeza wala kupunguza kitu: umenunua makapi mapya ili urudi pale ulipokuwa.

Hata urefu wa kamba unabaki uleule. Mti unapofunguka hadi pembe mraba, ncha yake huwa karibu mita 3.5 kutoka katikati ya tezi, na mara mbili ya hapo ni mita 7. Katikati ya mti umbali ni kama mita 1.8, na mara nne ya hapo ni mita 7 na kidogo. Ongeza sehemu inayofika mkononi na akiba ya kufungia, na hesabu yako imekwisha.

Sisemi kwamba kuihamisha demani ni kosa. Faida yake ni kwamba kapi la mwisho linakuwa sakafuni mbele yako, unaangalia unakokwenda badala ya kugeukia nyuma, na mti unapovuka upande wa pili kamba hainasi kwenye pembe za tezi wala kichwani mwako. Hasara yake ni kwamba mti unavutwa katikati huku tanga likiuvuta kwenye ncha, kwa hiyo mti mwembamba wa mbao unaweza kupinda vibaya au kuvunjika. Ukague kwanza.

Sasa tuje kwenye makapi. Ukubwa wa kapi peke yake si nguvu. Kinachokuchosha ni msuguano. Kila mara kamba inapozunguka roda, yaani gurudumu lililo ndani ya kapi, sehemu ya mvuto wako inaliwa. Tuseme kila roda inakula sehemu moja ya kumi: kamba inayopita roda nne haitakupa mara nne, bali mara 3.1 tu. Na wakati wa kulegeza, msuguano huohuo unafanya kazi kinyume chako, ndiyo maana mashua yenye makapi mengi, upepo unapokuwa mdogo, mti wake haufunguki hadi uusukume kwa mkono. Kwa tanga lako, mizunguko mitatu au minne inatosha ikiwa demani iko katikati, na mitatu inatosha kabisa ikiwa itabaki kwenye ncha. Zaidi ya hapo utakuwa unavuta kamba ndefu isiyo na kazi, ikikusongea miguuni.

Chagua makapi yenye gololi ndani ya roda badala ya bushi tupu. Gololi za plastiki huzunguka kwa wepesi hata chini ya mzigo, na kwa kuwa demani haitulii, hazipati nafasi ya kubonyea kama zinavyoweza kubonyea kwenye kamba inayokaa imekaza kutwa nzima. Usizipake grisi, kwani grisi hukusanya mchanga. Zimwagie maji baridi yasiyo na chumvi kila unapotoka majini, huku ukizungusha roda kwa kidole. Kamba ya milimita 8 inashikika vizuri mkononi. Ya milimita 6 inakata viganja, na ya milimita 10 ikilazimishwa katika kapi la 8 itakwaruza mashavu ya kapi pande zote mbili, na msuguano ulioulipia fedha kuuondoa utarudi palepale.

Lakini kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua kapi la racheti liwe kapi la mwisho kabla ya mkono wako. Roda yake haina mviringo laini, bali ina nyuso bapa kama za nati, na inazunguka upande mmoja tu. Unapovuta, inazunguka na kulia “ta-ta-ta”. Unapolegeza, inagoma, na kamba inalazimika kuteleza juu ya zile nyuso. Mkono unabaki kushika sehemu ndogo tu ya mzigo, lakini bado unauhisi upepo na bado unaweza kuiachia kamba kwa kufungua vidole. Dawa ya ganzi yako ni hiyo, kuliko kibano.

Kuhusu kibano chenyewe nina msimamo mkali, nao niliupata majini. Siku moja niliifunga demani kwenye kijiti cha pembe mbili, kile cha kuzungushia kamba kwa umbo la nane, nikainama kuchota maji yaliyoingia. Upepo wa ghafla ulipopiga, zile zamu mbili za kamba zilikuwa zimekaza kiasi kwamba nilikuwa bado nafungua ya kwanza wakati tanga linagusa maji. Kijiti cha namna hiyo kina mahali pake kwenye kamba ya kupandishia tanga. Kwenye demani ya mashua ndogo hakina mahali kabisa.

Zimebaki aina mbili. Kibano cha mfereji hakina kitu kinachosogea: kamba inakandamizwa ndani ya mfereji wenye meno ya mshazari. Ni rahisi na hakiogopi mchanga, ila kinaila kamba, na mzigo ukiwa mkubwa kuinasua kunahitaji mvuto wa nguvu. Kibano cha taya kina taya mbili zenye meno na springi, ambazo hujifunga zaidi kamba inapovutwa kuelekea tangani. Unaichomoa kamba kwa kuivuta kidogo kuelekea kwako na kuinyanyua kwa pamoja. Kwa demani, chukua cha taya.

Kinachowaponza wengi ni pembe yake. Kikikaa juu mno, kamba inajiangukia yenyewe ndani ya taya bila wewe kutaka, na wewe uliyejitupa nje upande wa joshini, yaani upande upepo unakotoka, huwezi kuinyanyua vya kutosha kuichomoa. Kikikaa chini mno, huwezi kuishusha kamba vya kutosha iingie ndani ya taya. Kwa hiyo iegemeze mashua nchi kavu, ikazwe vizuri isiyumbe, ukae mahali hasa unapokaa upepo ukiwa mkali, mtu mwingine auvute mti kama upepo, nawe ujaribu kuchomoa mara kumi. Ikigoma hata mara moja, badili pembe kabla hujashuka majini. Na usifunge kwa skrubu kwenye faiba nyembamba: tumia bolti zinazopenya hadi chini, zenye washa pana na nati.

SWALI: Nimefunga kapi la racheti kama ulivyowahi kushauri, lakini halinisaidii lolote, kamba inateleza kama kwenye kapi la kawaida. Je, nimeuziwa bovu?

JIBU: Huenda ni zima kabisa. Vuta kamba polepole ukiwa nchi kavu: kama mlio unasikika unapolegeza badala ya unapovuta, kamba umeipitisha kinyume, na kuipitisha upya ni kazi ya dakika mbili. Kama halilii upande wowote, tafuta kitufe kidogo ubavuni kinachowasha na kuzima racheti. Kama mlio uko sawa, angalia kamba imelizunguka roda kwa kiasi gani: ikiingia kutoka juu na kutoka kuelekea juu vilevile, inaikumbatia nusu nzima ya roda na inashika, ikipinda kidogo tu chini ya robo ya mzunguko, nyuso zile hazina cha kushika. Mwisho, pima kamba. Kamba nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa kwenye kapi, au iliyochakaa hadi ikawa laini na yenye kung'aa, itateleza hata kama kila kitu kingine kiko mahali pake.